Wanaoutambikia Mtufaha

Kuna kauli nimeichoka. Nimeisikia kwa ndugu zangu wa Unguja, kwa Wakenya wa Reading na kwa Wakongo wa Bristol: kwamba Mzungu hana mila. Ana sheria, ana bili, ana ratiba ya treni, lakini mila hana. Anayesema hivyo huwa ameiona London, labda na Birmingham, akaihukumu nchi nzima kwa yale aliyoyakuta stesheni. Mimi naishi Somerset, kaunti ya mashamba kusini-magharibi mwa Uingereza, na nikisikia maneno hayo siku hizi nakasirika kana kwamba ametukanwa mjomba wangu.

Watu wa London wenyewe si afadhali. Kwao mtu wa Somerset ni mshamba wa kuchekesha, anayekokota herufi ya "r" na kunukia pombe ya matufaha. Mwaka 1976 bendi moja ya huku, The Wurzels, ilishika namba moja Uingereza nzima kwa wimbo wa mzaha kuhusu mashine ya kuvunia, na tangu hapo nchi haijaacha kucheka. Kisha kuna vipeperushi vya utalii: jibini, saida, mapango, kanisa kuu la Wells, karibu tena. Havisemi uongo, ila vimeondoa watu na kubakiza bidhaa.

Basi nianze na watu. Jioni ya tarehe 17 Januari, katika kijiji cha Carhampton, karibu na pwani ya kaskazini ya kaunti hii, wenyeji hukusanyika kwenye shamba la mitufaha. Kiza kimeshaingia, baridi inauma masikio, tope limeshika viatu. Huchaguliwa mti mmoja, aghalabu ule mkongwe, nao huuzunguka. Moto hukokwa. Mizizi humwagiwa saida, yaani ile pombe ya matufaha iliyotoka kwenye mashamba kama hilo hilo. Vipande vya mkate vilivyobanikwa na kuchovywa kwenye saida hutundikwa matawini viwe riziki ya ndege wadogo wa kifua chekundu, ambao wazee waliwahesabu kuwa ndio roho njema zinazoulinda mti. Halafu wenye bunduki za marisau hunyanyua mitutu na kufyatua kupitia matawi, huku waliobaki wakipiga yowe, sufuria, ndoo, chochote kinacholia. Wema wamelishwa, wabaya wamefukuzwa, na mti uliolala kwa baridi umeamshwa. Mwisho huimbwa wimbo wa kuuomba uzae. Shughuli yote huitwa Wassail.

Kama hilo si tambiko, basi nielezwe tambiko ni nini. Pana mti, pana kinywaji kinachomwagwa chini, pana chakula cha wasioonekana, pana kelele za kufukuza shari, pana dua. Kinachokosekana ni mtalii wa kuandika kwamba ameona ushirikina.

Tarehe yenyewe ina kisa. Mwaka 1752 Bunge la Uingereza liliacha kalenda ya zamani likachukua hii tunayoitumia leo, na siku 11 zikafutwa: aliyelala usiku wa tarehe 2 Septemba aliamka tarehe 14. Serikali ikadhani imemaliza. Lakini mtufaha hausomi gazeti la serikali, na wakulima wa Carhampton hawakuona kwa nini usiku wa kuuombea mti usogezwe kwa amri ya watu wa London. Wakaendelea na usiku wa kumi na mbili baada ya Krismasi kwa hesabu ya kale, ambao kwa kalenda mpya unaangukia 17 Januari. Hawakuwa peke yao. Huko Glastonbury, mji wa kaunti hii hii, kuna mti wa miiba unaojulikana kwa kuchanua wakati wa Krismasi. Ngano husema ulitokana na fimbo ya Yusufu wa Arimathaya. Krismasi ya kwanza ya kalenda mpya umati ulikwenda kuutazama, haukuchanua. Wakarudi kwa Krismasi ya kale, na taarifa za wakati ule zinasema ulichanua kama kawaida yake. Wengi wakaona kesi imekwisha.

Sisi wa kusini ya Unguja tunalielewa jambo hili bila kufundishwa. Mwaka Kogwa wa Makunduchi nao una hesabu yake ya jua, haufuati Januari ya serikali wala mwezi mwandamo, na kila Julai wanakuja watu na kamera kutuuliza kwa nini tunapigana kwa migomba na kuchoma kibanda. Nimeyajibu maswali hayo tangu utotoni. Ndiyo maana siwezi kumcheka mzee wa Somerset anayemnywesha mti.

Wala sisemi kwamba tumeanza kujuana jana. Katika kijiji cha Dowlish Wake, karibu na Ilminster, ndani ya kanisa, amezikwa John Hanning Speke, yule aliyefika ufukweni mwa Nyanza, upande wa Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858, akalipa ziwa jina la malkia wake. Bila Sidi Mubarak Bombay na wapagazi wasiohesabika sijui angefika wapi. Kitabu chake cha 1863 kina dharau nyingi kwa watu waliomlisha na kumwonyesha njia. Alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe katika mawindo, Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala wake mjini Bath na Burton, mwenzake wa safari ile. Kijijini hapo hapo anapolala kuna kinu cha saida cha familia ya Perry. Huyu bwana alikulia katika nchi ya watu wanaoifyatulia mitufaha risasi ili kufukuza roho mbaya, kisha akaja kwetu kutuhesabu kuwa ndio wenye imani za ajabu.

Nimetaja saida mara kadhaa, na najua wasomaji wangu Waislamu wameshakunja uso. Mimi siinywi, hunywa juisi ya matufaha hayo hayo kabla haijachacha, na hakuna aliyewahi kunilazimisha zaidi ya hapo. Lakini mtu hawezi kuieleza Somerset akairuka saida, kama asivyoweza kuieleza pwani yetu akaruka nazi kwa sababu hapendi tui.

Matufaha ya saida hayaliwi. Ukiliuma moja kinywa kinakauka kwa ukakasi. Utamu upo lakini umefichwa nyuma ya uchungu. Yana majina, na majina yake ni historia ya vijiji. Kingston Black limetokana na Kingston St Mary, karibu na Taunton. Yarlington Mill lilianzia kwenye kinu cha kijiji cha Yarlington. Dabinett, ambalo leo limepandwa mashamba makubwa makubwa, lilikuwa mche uliojiotea kwenye ua wa miti huko Middle Lambrook, akauona bwana mmoja wa jina hilo akaupeleka kwake. Kuanzia Septemba hadi karibu na Krismasi matufaha huangushwa, huokotwa chini, husagwa, na ule ujiuji hupangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likifungwa kwa majani makavu ya ngano au kitambaa, kisha rundo zima hukandamizwa kwa parafujo kubwa ya mbao au chuma. Machicha hupewa ng'ombe na nguruwe. Maji yaliyokamuliwa hutiwa kwenye mapipa ya mwaloni na kuachwa yachachuke yenyewe kwa hamira iliyomo katika matufaha na katika nyumba ya kinu. Mtengenezaji wa kale haongezi kitu, na ukimuuliza kwa nini hukutazama kama umeuliza kwa nini mvua inanyesha.

Kwa karne nyingi saida ilikuwa mshahara. Kibarua wa shamba alipewa painti kadhaa kwa siku juu ya senti zake, na wakati wa kukata nyasi alipewa zaidi. Kila mmoja alikwenda kondeni na kipipa chake kidogo cha mbao. Bwana shamba mwenye saida mbaya hakupata watu. Sheria ya 1887 ikapiga marufuku kuwalipa wafanyakazi wa mashamba kwa pombe, na sina ugomvi nayo, kwani watoto hawali saida. Lakini ndipo mtufaha ulipoanza kutoka katika hesabu ya kila nyumba na kuwa biashara ya wachache.

Mengine yalifuata. Baada ya Vita Kuu ya Pili shamba la mitufaha mirefu, yenye kondoo wakilisha chini, likaonekana ni uvivu. Kuna kipindi wakulima walilipwa ruzuku wang'oe miti. Mwaka 2022 shirika la uhifadhi la National Trust lilitangaza kwamba tangu 1900 mashamba ya matunda ya aina ya kale katika England na Wales yamepungua kwa asilimia 81. Ukipita Somerset leo utaona pembe za viwanja vyenye mitufaha mitatu minne imeinama, imejaa ukungu, hakuna anayeokota. Saida bado inatoka kwa wingi, tena ipo hata ya kukenekwa kwa moto na kulazwa miaka mingi kwenye mapipa, ambayo tangu 2011 jina lake linalindwa kisheria. Ila nyingi inatoka kwenye mashamba mapya ya miti mifupi iliyopangwa kwa mstari na kutikiswa kwa mashine. Kuutambikia mti wa namna hiyo ni kazi ngumu. Huna pa kutundika mkate.

Nikiulizwa mila nyingine, ninayoipenda baada ya Wassail ni ya watoto wa Hinton St George. Alhamisi ya mwisho ya Oktoba huzunguka kijiji wakiwa na taa zilizochongwa kwenye viazi vikubwa vya kulishia mifugo, mshumaa ndani, wakiomba mishumaa na vijisenti. Kisa chake ni kwamba zamani wanaume wa kijiji walikwenda gulioni Chiselborough, wakalewa, wakapotea njia ya kurudi. Wake zao wakachonga taa, wakatoka kuwatafuta usiku. Waume walipoyaona yale macho ya moto yakija gizani wakadhani ni mizuka, wakakimbia. Wanaume wa huko husimulia kisa hiki wakicheka, wanawake hukisimulia wakitabasamu tu.

Farasi wa kuigiza wa Minehead, anayecheza barabarani Mei Mosi na umbo lake kama mashua, nenda ukamwone mwenyewe. Kanivali ya Bridgwater ya Novemba, yenye magari yaliyosheheni maelfu ya balbu, ni kubwa na ina wasemaji wake. Na lile tamasha la muziki la shamba la Worthy, Pilton, lililoanza 1970 kwa kiingilio cha pauni moja na maziwa ya bure, dunia nzima inalijua, kwa hiyo halihitaji wino wangu.

Mierebi ndiyo inayohitaji wino. Katikati ya Somerset kuna tambarare pana iliyo karibu usawa wa bahari, nchi ya mitaro na maji, ambako baridi ya 2013 kuingia 2014 mafuriko yalikigeuza kijiji cha Muchelney kuwa kisiwa kwa wiki nyingi, watu wakawa wanafika kwa mashua. Watu wamekuwa wakibishana na maji hapo tangu zamani sana: ndani ya udongo mweusi wa bwawa ilifukuliwa njia ya mbao waliyoijenga wakulima wa kwanza, na pete za miti zimeonyesha kwamba mbao zake zilikatwa mwaka 3807 au 3806 kabla ya Kristo. Katika tope hilo ndiko unakostawi mwerebi wa kusukia.

Huupandi kwa mbegu. Unakata fimbo, unaichomeka ardhini, inaota. Kila baridi, majani yakishapukutika, fimbo zote hukatwa hadi kwenye kisiki, na mwaka unaofuata kisiki kinatoa nyingine ndefu kumpita mtu. Shamba moja likitunzwa huvunwa hivyo kwa miaka ishirini, thelathini. Aina inayopendwa huitwa Black Maul. Baada ya kukatwa, fimbo hupangwa kwa urefu na kufungwa matita, na hapo ndipo rangi inapoamuliwa. Zikikaushwa na gome lake zinabaki kahawia. Zikisimamishwa majini hadi mwanzo wa kuchipua, kisha zikamenywa, zinatoka nyeupe. Zikichemshwa saa nyingi na gome lake kabla ya kumenywa, rangi ya gome inaingia kwenye mti na zinakuwa na wekundu wa asali. Kumenya kulikuwa kazi ya wanawake na watoto: fimbo hupitishwa katikati ya uma wa chuma, moja moja, kutwa. Vikongwe wa huku wanaokumbuka kumenya kwa mkono huzungumzia harufu kwanza, maumivu ya vidole baadaye.

Miaka ya 1930 mierebi ilichukua zaidi ya hekta 3,600 za tambarare hiyo. Kila kitu cha Uingereza kilibebwa kwa kikapu: mkate, samaki, njiwa wa kupeleka barua, mizinga ya nyuki, nguo chafu. Katika Vita Kuu ya Kwanza makombora yalibebwa kwa vikapu; katika ya Pili, matenga ya mierebi yalidondoshwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege. Halafu zikaja boksi za karatasi na mifuko ya plastiki. Mwisho wa karne zilikuwa zimebaki kama hekta 140, kuzunguka vijiji vya Burrowbridge, Westonzoyland na North Curry. Waliosalia wamejifunza kuishi kwa werevu: wanachoma mkaa wa wachoraji, wanasuka vikapu vya kupandia puto la hewa moto, kwa kuwa mwerebi unanesa puto likigonga chini pasipo kuvunjika, na wanasuka majeneza. Familia ya Coate ya Stoke St Gregory imo katika kazi hii tangu 1819.

Hili la majeneza wageni huliona la ajabu. Mimi naliona ndilo lenye akili kuliko yote. Mtu aliyezaliwa kwenye tambarare ile, akalazwa kitoto kwenye kikapu, akaokota matufaha kwa kikapu, akienda kaburini ndani ya kikapu hajafanya jambo geni.

Jibini nitaisema kwa ufupi, maana imeshasifiwa hadi imechoka. Cheddar ni kijiji chini ya milima ya Mendip; jibini yake ilinunuliwa na mfalme Henry wa Pili mwaka 1170, imeandikwa katika hesabu za hazina. Siri yake ni kukata maziwa yaliyoganda kuwa matofali, kuyapanga na kuyageuza tena na tena hadi yachuje, kisha kuyasaga, kutia chumvi, kukandamiza, kuvika kitambaa na kuacha mwaka au miwili. Kitambaa mara nyingi hupakwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo anayejali aulize kabla ya kula. Jina halikulindwa kwa wakati, na leo chochote cha manjano kilichofungwa plastiki, kiwe cha Nyuzilandi au cha Nairobi, kinaitwa Cheddar. Ndani ya Somerset kwenyewe wanaoitengeneza shambani kwa maziwa mabichi na kwa mikono wanahesabika kwa vidole. Kula ya kwao mara moja, utaelewa hasira yangu.

Kwenye pango la Gough, pale pale Cheddar, mwaka 1903 ilipatikana mifupa ya mtu aliyeishi miaka kama 10,000 iliyopita. Mwaka 2018 wanasayansi waliosoma vinasaba vyake walisema huenda alikuwa na ngozi nyeusi na macho ya buluu. Magazeti ya London yalitetemeka wiki nzima. Huku hawakushtuka, kwao mtu wa Cheddar ni wa Cheddar.

Kinachonitia hofu si wageni kutoelewa. Ni kwamba mila hizi ziliota juu ya kazi, na kazi inaondoka. Nyumba za vijijini zinanunuliwa na wastaafu na watu wa miji kwa bei ambayo mtoto wa mkulima hawezi kuiota, naye huenda kutafuta ajira kwenye maghala kando ya barabara kuu au kwenye ujenzi wa kinu cha nyuklia cha Hinkley Point. Wassail zimeongezeka, hilo ni kweli: viwanda na mahoteli yanaziandaa, kwa tiketi, Jumamosi iliyo karibu, na kikundi cha ngoma kilichokodiwa. Sizibezi zote, nyingine zimepanda mitufaha upya, na mti hauulizi nani kalipa. Lakini sherehe inayohamishwa ili isiingilie ratiba ya wikiendi imeshakubali kile ambacho wazee wa 1752 walikikataa.

Kwa hiyo wewe Mswahili wa London, wa Reading, wa Bristol, kabla hujasema tena kwamba hawa hawana mila, panda treni hadi Taunton, kisha basi la kuelekea Minehead. Carhampton iko njiani. Vaa mabuti ya mpira. Mtoto mchukue, lakini mzibe masikio wakati wa bunduki. Nenda tarehe 17 Januari, hata kama ni Jumanne na una kazi kesho yake, na ukirudi pita kwa wasukaji ununue kikapu kwa bei waliyokutajia.